Taulo la Kituo cha Kumi na Nne

Mshauri mpendwa,

Ninakuandikia nikiomba unisaidie kabla sijazoea kunyamaza, maana leo ni siku ya kumi na moja nanyamaza na nimeanza kuona kama ni jambo la kawaida. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, nimesoma hadi kidato cha nne, nina mke, watoto watatu na mjukuu mmoja, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa takwimu katika ofisi inayokusanya uzito wa watoto wachanga kutoka kliniki ishirini na sita. Shajara nimeandika kila siku tangu nikiwa shuleni, kwa hiyo tarehe nitakazokupa ni za kweli, hata pale ambapo ningependa zisiwe.

Naomba kwanza nikueleze kazi yenyewe. Kila Jumatatu vituo vinatutumia uzito wa watoto waliopimwa wiki iliyopita, na vituo vina tabia zao kama watu, kimoja kinaandika kilo, kingine gramu, kimoja kinaanza na siku kingine kinaanza na mwezi, na kituo cha saba kinahesabu umri wa mtoto kwa wiki mpaka zifike kumi na mbili halafu kinahamia kwenye miezi bila kumwambia mtu. Yote hayo yanaingia kwenye kompyuta kama maji machafu yanavyoingia kwenye bomba, katikati yanasafishwa na kugeuzwa yafanane, na upande wa pili inatoka orodha moja. Mtoto akionekana yuko chini ya mstari, yaani chini ya uzito unaotakiwa kwa umri wake, mama yake anapelekewa ujumbe kwenye simu na muuguzi wa kutembelea nyumba anapewa jina lake. Kazi yetu ni ya mezani lakini si ya mchezo.

Hapo katikati ya bomba ndipo penye taabu yangu. Kwa miaka tisa usafishaji huo umefanywa na skripti, yaani maagizo niliyoyaandika mwenyewe mstari kwa mstari nikiiambia kompyuta ukikuta hiki fanya hivi, ukikuta kile fanya vile. Nilijifunza kwa kitabu cha kuazima na kwa ukaidi. Sasa ina mistari mia nne na kumi na miwili. Wenzangu wananiita Mzee Mistari wakidhani wananitania, kumbe jina lenyewe nalipenda, nimeliandika hadi kwenye jalada la shajara.

Mwanzoni mwa mwaka huu tukaletewa mfumo mpya wenye zana zake ndani. Huandiki kitu. Unavuta kijisanduku cha kugeuza gramu kuwa kilo, unakiunganisha kwa mshale na kijisanduku cha kupanga tarehe, unavuta kingine, hivyo hivyo mpaka mwisho, na kila kijisanduku kinakuonyesha wameingia watoto wangapi na wametoka wangapi. Kazi ya kuzijaribu zana hizo akapewa karani mwenzangu, binti wa miaka ishirini na saba ambaye ofisi nzima inamwita Bi Chapuchapu kwa sababu hata salamu anaiitikia kabla hujaimaliza. Mkuu wetu amesema mwisho wa mwezi huu tuamue, ama tubaki na skripti ama tuhamie kwenye zana za mfumo, na kitakachoachwa kitazimwa.

Sitaki udhani mimi na huyu binti ni maadui. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nasoma nikiwa nimeikaribia skrini mpaka pua inataka kugusa, akaniongezea ukubwa wa herufi bila kunitangaza. Chai ya saa nne ananiletea ikiwa na kijiko kimoja cha sukari, akisema cha pili amekizuia kwa niaba ya mke wangu, na wala hawajawahi kuonana. Tunabishana kutwa. Mimi humwambia vijisanduku ni vya watu wanaoogopa kuandika, naye hunijibu kwamba skripti yangu ni kama jiko la mtu asiyeandika majina kwenye makopo yake, mwenyewe anajua chumvi iko wapi, mgeni akipika atatia sukari kwenye mchuzi. Mara kadhaa ameniomba nimwandikie sababu ya kila sheria iliyo kwenye skripti. Nimemwambia ziko kichwani. Si kweli. Ziko kwenye shajara, na shajara ziko ndani ya sanduku chini ya kitanda changu, na humo kuna mambo yangu mengine ambayo si ya ofisi.

Sasa nifike kwenye taulo.

Kituo cha kumi na nne kilikuwa na muuguzi mmoja mtu mzima aliyependa watoto kuliko alivyopenda mzani. Mzani ulikuwa wa chuma, asubuhi unakuwa baridi kama jiwe, mtoto akilazwa juu yake anapiga kelele mpaka waliopanga foleni nje wanaanza kulia pia. Kwa hiyo yeye alitandika taulo zito alilolikunja mara nne, akamlaza mtoto juu yake, na alichosoma ndicho alichoandika, mtoto na taulo lake. Shajara yangu ya tarehe 9 Machi, miaka sita iliyopita, inasema hivi: "Nimekwenda kituo cha 14. Nimelipima taulo peke yake mara tatu. Gramu 310. Muuguzi amecheka, amesema taulo lake halijawahi kupata kadi ya kliniki." Sikuwa na moyo wa kumkataza. Niliporudi niliongeza mistari miwili kwenye skripti: kama ni kituo cha kumi na nne, toa gramu 310. Kwa nini zitolewe, sikuandika pale. Niliandika nyumbani, kati ya homa ya mwanangu na paa lililokuwa linavuja.

Mwaka jana muuguzi yule akastaafu, nami nilialikwa kumuaga. Tarehe 21 Juni nimeandika: "Wamempa saa ya ukutani. Kituo kimepata mzani mpya wa umeme. Unaweka taulo kwanza, unabonyeza sifuri, kisha mtoto." Mshauri, niliandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, na mwandiko ni mzuri kabisa, nikafunga daftari nikaenda zangu. Skripti haikuambiwa. Tangu siku hiyo kila mtoto anayepimwa kwenye kituo kile anatolewa gramu mia tatu na kumi za taulo ambalo halimo.

Mjukuu wangu alizaliwa tarehe 11 Januari. Mama yake, mke wa mwanangu wa kwanza, anaishi nasi kwa kuwa mume wake anafanya kazi mji mwingine na hurudi mwisho wa mwezi. Kliniki yetu, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, ni kituo cha kumi na nne. Mtoto ni mwembamba kama tulivyo wote nyumbani, lakini mchangamfu, na anavyokunja uso utasema anadai heshima yake, ndiyo maana tunamwita Bibi Mdogo. Mwezi wa Aprili ukaja ujumbe kwenye simu ya mama yake, mtoto wako yuko chini ya mstari. Muuguzi wa kutembelea nyumba akafika, hakuwa na mzani, akamtazama mtoto akasema anaonekana hana neno ila orodha ni orodha. Mkwe wangu akaanza kula kwa kujilazimisha, akaanza kumuuliza mke wangu kama maziwa ya mama yanaweza kuwa mepesi, akanunua maziwa ya kopo. Aliacha kumwimbia mtoto akimnyonyesha, akawa anamtazama tu jinsi anavyomeza.

Tarehe 14 Mei alirudi kliniki akaja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu, mkono mmoja kadi, mkono mmoja simu. Akaniambia, "Baba, kadi inasema kilo tano na gramu mia mbili. Ujumbe unasema kilo nne na gramu mia nane na tisini. Nishike lipi?"

Na mimi, kwa kuwa nilijua habari ya taulo na nikajiona najua, nilimjibu bila hata kuvua miwani, "Shika la ujumbe, mwanangu. Kadi za kituo hicho huwa zinazidisha."

Akasema, "Sawa, Baba," akairudisha kadi kwenye mfuko wake wa plastiki taratibu, kama mtu anayekunja barua ya msiba.

Halafu ikafika tarehe 3 Juni. Bi Chapuchapu alipitisha data ileile ya mwaka mzima njia mbili, kwenye skripti yangu na kwenye vijisanduku vyake, akaweka majibu pamoja. Vituo ishirini na vinne vililingana. Kituo cha saba hakikulingana, na hapo kosa lilikuwa lake, kijisanduku chake cha umri hakikujua ile hadithi ya wiki kugeuka miezi, nikamweleza kwa furaha kubwa, nakiri, akaandika huku akinitania kwamba leo nimefungua kopo moja. Kituo cha kumi na nne nacho hakikulingana. Watoto wote walitofautiana kwa gramu 310, hakuna aliyezidi wala kupungua. Nilijua kabla hajamaliza kunionyesha. Akaniuliza, "Mzee wangu, hapa nimekosea wapi?"

Nikamwambia, "Endelea kutafuta, mwanangu."

Mshauri, anaendelea kutafuta hadi leo. Amefumua vijisanduku vyote na kuvipanga upya mara tatu, amekonda, chai ananiletea bado. Mimi nimehesabu peke yangu, tarehe 5 Juni: watoto kumi na tisa wameingizwa kwenye orodha ya walio chini ya mstari bila kustahili, na mmoja wao analala chumba cha pili kutoka changu. Juzi Bi Chapuchapu ameniambia atamweleza mkuu kwamba zana za mfumo haziaminiki na ataondoa pendekezo lake, kwa sababu, kwa maneno yake, "Sitaki mtoto wa mtu apotee kwa mkono wangu." Niliinuka nikaenda kusimama dirishani kama mtu anayeangalia mvua, na nje palikuwa pakavu. Na jana mkwe wangu amemwambia mke wangu kwamba huenda maziwa yake hayana kitu, na wiki ijayo atamwachisha mtoto kunyonya.

Nimebakiza mwaka mmoja na miezi minne nistaafu. Nikisema, watazima skripti na pamoja nayo watazima mambo mengi ya kweli inayoyajua, na watasema mzee amechoka. Nisiposema, skripti yangu inashinda, na nitakuwa nimeshinda kwa jasho la binti anayeninyima sukari ili nisife. Naomba unisaidie kuchagua kati ya skripti na zana za mfumo, na kama ipo namna ya kuchagua kwa haki bila kugusa habari ya taulo, unionyeshe.

Ni mimi,
Mzee Mistari
14 Juni


JIBU

Kaka yangu Mzee Mistari,

Namna hiyo haipo. Nimekutafutia kwa muda wa kunywa glasi moja ya maji, sikuiona, nikaacha.

Barua yako ilifika mezani kwangu Jumatatu saa tatu asubuhi, na saa tatu na nusu nilikuwa nimekutumia ujumbe kwa namba ya simu uliyoandika kwenye bahasha, kwa sababu gazeti hili linatoka Jumamosi na tumbo la mtoto halingoji mtambo wa kuchapa. Nilikuandikia: "Mwambie mkwe wako leo, kabla ya chakula cha mchana. Asimwachishe mtoto. Habari ya maziwa ya kopo amuulize muuguzi, asiniulize mimi wala wewe." Ukanijibu kesho yake, na kwa ruhusa yako nawasimulia wasomaji. Kwamba uliomba ruhusa kazini, ukamkuta uani anafua nguo za mtoto, ukamweleza ukiwa umesimama. Kwamba aliendelea kufua mpaka povu likaisha kwenye beseni, kisha akauliza, "Kwa hiyo, Baba, miezi miwili nimekuwa nashindana na taulo?" Kwamba alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia, halafu akainuka akakwambia nguo zilizobaki uanike wewe.

Huyo ni mkwe wa kushikwa kwa mikono miwili. Natumaini ulianika.

Sasa nikugombeze kidogo, kisha tuingie kwenye kazi. Sikugombezi kwa kusahau. Mtu aliyekwenda mwenyewe kupima taulo mara tatu ili muuguzi asikatazwe huruma yake, huyo hana moyo mbaya wala si mzembe, na ningependa wajukuu wangu wahesabiwe na mtu wa namna yako. Ninachokugombeza ni yale maneno matatu, "endelea kutafuta, mwanangu." Mwana hatumwi kutafuta sindano ambayo mzazi ameishika kiganjani. Siku kumi na moja binti wa watu anafumua kazi nzuri akidhani ni mbovu, na wewe unaletewa chai. Ungekuwa kaka yangu wa tumbo moja ningekuja hapo ofisini.

Na lile la kadi. Mkwe wako alikuja na ushahidi mkononi, namba mbili, akakuuliza ashike ipi, na wewe ukajibu kwa jambo ulilolijua miaka sita iliyopita. Ulilijua kweli, lakini lilikuwa limekwisha muda wake. Hapa ndipo ninaposhangaa: wewe unayeweka tarehe kwenye kila kitu, mpaka siku paa lilipovuja, sheria zako zote mle kwenye skripti umeziacha hazina tarehe. Hazijulikani zimezaliwa lini, hazijulikani zinakufa lini.

Ukaniuliza skripti au zana za mfumo. Mimi si fundi wa kompyuta. Kabla ya ukurasa huu nilikaa masjala miaka kumi na mmoja, ninachokijua ni mafaili na watu wanaoyaficha. Kwa hiyo nimemuuliza binti wa dada yangu, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, akanijibu huku anakula, bila kupamba. Amesema swali lenu mmelikosea. Si lazima kimoja kizimwe. Yale yanayofanana kwa vituo vyote, gramu kuwa kilo, tarehe kupangwa, majina yaliyorudiwa kuondolewa, hayo yapewe vijisanduku na msione haya, maana mfumo unayajua tangu kiwandani, unahesabu walioingia na waliotoka, na kesho ukiugua mtu mwingine anafungua anaona bomba lote kwa macho. Kuandika kwa mkono kitu ambacho zana inakifanya vizuri ni kama kusaga nafaka kwa jiwe wakati mashine iko mlango wa pili. Utachoka, na unga utakuwa uleule.

Lakini kituo cha saba na wiki zake zinazogeuka miezi, hapo alisema kijisanduku kitalazimishwa mpaka kilie. Ameona watu wanaunganisha vijisanduku thelathini kufanya kazi ya mistari mitatu, kisha hakuna anayeelewa kitu, hata aliyeviunganisha. Mambo ya namna hiyo yaandikieni skripti fupi, muipachike kama hatua moja ndani ya bomba lilelile, na mfumo wenu, kama ulivyonieleza kwenye ujumbe wako, unaruhusu. Nguo ya dukani inamtosha kila mtu kwa kiasi chake. Aliye na bega moja juu ndiye anayepelekwa kwa fundi. Hamna sababu ya kuwashonea wote ishirini na sita kwa ajili ya bega la mmoja.

Ila usije ukadhani vijisanduku vingekuokoa na taulo. Bi Chapuchapu angeambiwa habari ya taulo miaka sita iliyopita, angeweka kijisanduku kizuri chenye mshale, toa gramu 310, nacho kingeendelea kutoa mpaka leo kwa adabu zote. Kilichowaokoa ni kwamba alipitisha njia mbili akalinganisha. Na kabla yake kuna mwanamke aliyeshika kadi mkono mmoja na simu mkono mwingine akafanya jambo hilohilo, bila kompyuta, ukamrudisha. Kila mwezi chukueni watoto wachache kutoka kila kituo, muulize namba iliyo kwenye kadi, muiweke karibu na iliyo kwenye orodha. Zikitofautiana, msimwambie mama kadi inazidisha. Pigeni simu kituoni.

Basi fanya hivi. Jumatatu, kabla ya mkuu, nenda kwenye meza ya Bi Chapuchapu. Meza yake, si yako. Chai siku hiyo mpelekee wewe, sukari aweke anavyotaka. Chukua shajara zile mbili, umsomee kwa sauti ukurasa wa tarehe 9 Machi na ukurasa wa tarehe 21 Juni, ufunge. Mengine ni yako. Homa ya mwanao na paa lako havimhusu mtu. Atakasirika, na hasira hiyo ni haki yake, usimkatishe kwa kueleza ulivyokuwa huna raha. Akimaliza, mwombe radhi kwa siku zote ulizomficha, uzitaje kwa idadi, kwa kuwa wewe ni mtu wa idadi. Ndipo muende wote wawili kwa mkuu, na wewe ndiye uzungumze.

Mle ndani mwambie mkuu majina ya watoto kumi na tisa yanaondoka kwenye orodha leo, na kila mama anapelekewa ujumbe wenye maneno ya kueleweka: tulikosea sisi, mtoto wako hakuwa chini ya mstari, na kama ulibadilisha chochote katika kumlisha, njoo uonane na muuguzi. Usiruhusu waandike "kulitokea hitilafu." Hitilafu haikutokea, mtu alisahau, na akina mama wanaijua tofauti. Shukuru kwamba kosa lako lilielekea upande wa kuwatia watu hofu. Lingeelekea upande wa pili, wa kuwaficha wenye njaa, barua hii ningekujibu kwa sauti nyingine.

Kisha kaa na huyo binti mpitie mistari yote mia nne na kumi na miwili. Kwa kila mstari atakuuliza kwa nini, yeye ni mtu wa kuuliza. Ule wenye jibu, liandikwe palepale kando yake: nani alisema, lini, na lini tutazame tena kama bado ni kweli. Ule usio na jibu, usiufute na usiuache, mpigie simu mwenye kituo kwanza. Itawachukua wiki kadhaa. Mtabishana. Mtakapomaliza makopo yote yatakuwa na majina, na ukistaafu utaondoka mikono mitupu, bila kubeba mchuzi wa watu kichwani.

Unaogopa watasema mzee amechoka. Kaka yangu, wanakuita Mzee Mistari tangu zamani na umeliandika kwenye jalada.

Jumanne, umeniambia, ni siku ya Bibi Mdogo kupimwa. Omba ruhusa tena, uende. Ule mfuko wa plastiki wenye kadi ubebe wewe. Muuguzi atatandika taulo, atabonyeza sifuri, atamlaza mtoto, na mtoto atakunja uso. Wewe nyamaza, mwache mama yake aisome namba mwenyewe. Atakayoitaja, iandike kwenye shajara kama alivyoitaja, na usitoe kitu.